Kuvizia Sayari Juu ya Paa la Bi Salama

Niliondoka Segerea kwa sababu ya chumba. Chama chetu cha kutazama nyota pale shuleni ninapofundisha kilipewa stoo ya zamani, na wanafunzi wangu wakaisafisha na kuipaka rangi wenyewe. Mkuu wa shule, mama asiyependa maneno mengi, akaniambia siku ya wazazi ikifika bila sisi kuwa na cha kuonyesha, stoo inarudi kuwa stoo. Mimi, kwa kawaida yangu ya kutanguliza mdomo, nikawaahidi wanafunzi kwamba nitawaletea sayari inayozunguka nyota nyingine.

Sayari yenyewe iligunduliwa na wataalamu, na ratiba yake inajulikana. Inaizunguka nyota nyekundu, ndogo, iliyopoa kuliko jua letu, tena kwa karibu sana hata mwaka wake ni siku chache tu. Kila ikipita mbele ya nyota, mwanga hupungua kidogo. Lakini kupita huko kuangukie jioni yetu, na anga iwe safi, ni bahati. Kabla ya masika ilibaki jioni moja.

Alasiri nilipakia darubini ya shule kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo nilichokodi, nimeiviringisha kwenye blanketi. Segerea kuna taa nyingi mno, hivyo nilielekea Kigamboni, upande wa Kimbiji, kwa Bi Salama, mama mzazi wa mwalimu mwenzangu. Tulipokuwa kwenye daraja la Kigamboni dereva aliuliza nimebeba nini.

"Darubini. Naenda kutafuta sayari ambayo haionekani."

"Sista, kama haionekani, si ungebaki tu nyumbani?"

Nilicheka, nikageuka kuangalia kama blanketi limekaa sawa.

Kabla ya magharibi tulifika. Nyumba ya Bi Salama ina paa la zege, nondo zimesimama zikisubiri ghorofa ambayo haijaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Na hilo dude ndo mgeni wa pili?" Nilipomweleza shughuli, akashangaa. "Nyota zote hizi zinawaka vizuri, nyie mmechagua kinyota kichovu?"

"Mama, inzi akipita mbele ya taa ya uwanja wa mpira, nani atajua? Akipita mbele ya kibatari, utaona."

"Hapo sawa," alisema.

Giza lilipoingia tulikuwa juu ya paa, kamera ilikuwa tayari kwenye darubini na picha zikawa zinaingia kwenye kompyuta. Mwanga wa nyota ulijichora kama mstari, umenyooka. Mara ukaanza kushuka, mapema kuliko ratiba. Nilijishika kichwa, machozi ya furaha yakanilenga. Ndipo nikasikia harufu.

Bi Salama alikuwa ameshika chetezo, anaifukiza darubini udi taratibu, kama anamfukiza bibi harusi. Moshi ulikuwa unapita mbele ya lenzi.

"Mama, unafanya nini?"

"Mgeni haingii kwangu asifukizwe. Wewe nilishakufukiza kule chini, bado yeye."

Nilikasirika, kisha nikaona aibu kwa kukasirika. Aliuona uso wangu, akakifunika chetezo. "Nimekuharibia?"

Sikujua. Kwenye picha zilezile kulikuwa na nyota jirani, nikazipima nazo. Zote zilikuwa zimefifia pamoja, kwa kiasi kilekile, maana moshi hauchagui. Nilipoilinganisha nyota yetu na majirani zake, mstari ukanyooka tena.

"Hujaharibu, mama. Ila sayari bado haijapita."

Alishuka kuswali isha, akarudi na mkeka na chai. Tulikunywa, macho kwenye kompyuta. Mstari ukaanza kushuka. Safari hii sikushangilia, nilipima majirani kwanza. Hawakutikisika. Nyota yetu ilikuwa inafifia peke yake.

"Udi nimeuzima," Bi Salama aliwahi kujitetea.

"Najua, mama. Hii ndiyo yenyewe."

"Kwa hiyo sasa hivi kuna dunia inapita pale?"

"Inapita."

"Subhanallah," akasema polepole, akanishika mkono. Hakuuachia mpaka mstari ulipopanda tena. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi namna ile.

Asubuhi nilirudi kwa pantoni, nimeikumbatia kompyuta. Shuleni wanafunzi walichora mistari yote miwili, wa nyota yetu na wa majirani, na wakakataa kufuta bonde la kwanza.

"Hii ya kwanza ni sayari gani?" mkuu wa shule aliuliza.

"Huo ni udi wa Bi Salama, mwalimu," walijibu. "Umezifikia nyota zote. Sayari imeifikia moja."

Nilikwenda nikidhani kazi ni kuona mwanga ukipungua. Kumbe kazi ni kuuliza kwanza kama majirani nao wamepungua. Mkuu alitazama karatasi kwa muda, akatoa ufunguo wa stoo kwenye pochi na kunikabidhi. "Siku ya wazazi," alisema, "huyo mama wa udi naye aalikwe."

Nimeshampigia. Anakuja, na chetezo chake.