Chupa ya Dawa ya Kikohozi

Sifa na shukrani kwa Mungu aliyenifikisha uzeeni na kuniachia kumbukumbu, hata zile ambazo ningependa anipunguzie.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye zahanati ya masista upande wa Bukombe, nikifagia na kuchemsha vyombo. Masista wa kwanza walinikuta msichana wa mafundisho ya kipaimara. Wa mwisho alinikuta bibi. Desturi yao haikubadilika. Dawa ya kikohozi ilikaa kwenye dumu kubwa, kwa hiyo mgonjwa alikuja na chupa yake. Mimi niliiosha kwa maji ya moto, nikaiinua juani kuona kama imetakata, ndipo Sista akamimina.

"Hii ilikuwa na nini?" Sista alimuuliza kila mtu.

"Gongo ya babu, Sista."

"Basi leo babu atakohoa kwa hasira." Benchi zima lilicheka.

Kisha dhahabu ikapatikana ng'ambo ya mbuga. Makarasha ya kusagia mawe yakanguruma kutwa, na kicheko kikapungua kwenye benchi. Wanawake walilalamika ladha ya chuma mdomoni. Mimba ziliharibika. Tulipima malaria, hatukuona kitu. Foleni ilirefuka, nami nikaacha kuinua chupa juani.

Mke wa mchimbaji mmoja alikuja na bintiye wa miaka minne. Mtoto alikohoa, na vidole vilitetemeka hata akawa anamwaga uji. Alipewa dawa, akarudi, akapewa tena. Mara ya tatu mama alisema taratibu, "Mama mkwe anasema karogwa. Kesho tunampeleka kwa mganga, mbali."

Sista, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alinigeukia na chupa mkononi. "Mayu, umeiinua?"

"Ndiyo, Sista."

Nilidanganya. Akamimina, mama akaondoka.

Nilipokwenda kumwaga maji ya beseni nililooshea chupa ile, nikaona kitu chini kinameta kama fedha. Niliinamisha beseni, kikakimbia, kikagawanyika vipande vitatu, vikaungana tena. Ilikuwa zebaki, ile wanayokamatia dhahabu. Nilimwita Sista nikamwambia yote, pamoja na uongo wangu.

Hakunikaripia. Alivua aproni akasema, "Twende kabla hawajasafiri."

Tulitembea kwa kuulizia njia. Mlangoni pa jiko la nyumba ile, baba alikuwa amechuchumaa akipuliza makaa, juu yake kikaango chenye donge la kijivu la zebaki na dhahabu linalofuka moshi. Pembeni ilisubiri sufuria ya uji. Mtoto alikuwa ameegemea goti la baba yake, anaota moto.

"Mtoe mtoto nje," Sista alisema.

"Shikamoo, Sista. Karibu. Nachoma mzigo wangu tu, kidogo."

"Marahaba. Moshi huo ni sumu, na mwanao anauvuta kila siku. Mtoe."

Mama alileta chupa. Nikamuuliza kama ndiyo aliyokuja nayo siku zote. "Ni hiyo hiyo, bibi. Dawa ikiisha, baba yake anawekea zebaki."

Mara tatu ilikuwa imepita mikononi mwangu. Ningeiinua siku ya kwanza, Sista angejua mapema kinachochomwa kwenye nyumba ile.

Hawakwenda kwa mganga. Sista aliwapeleka hospitali kubwa, mtoto akapona kikohozi. Mikono haikupona. Sasa ni binti mkubwa. Jumapili hukaa mbele yangu kanisani, na rozari yake hugonga benchi tangu mwanzo wa sala hadi mwisho.

Masista wamehamishiwa kwingine. Mashimo yamefika karibu na ukuta wa zahanati, na asubuhi moshi hupanda kutoka majiko mengi. Kwa mbali siwezi kujua upi ni wa uji. Kwa hiyo natembea na fimbo yangu, nabisha hodi, naomba nioneshwe chupa, naziinua juani. Wengine hunifukuza. Jana, katika nyumba tano, nilizikuta mbili zinameta.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu ailinde pumzi ya walio nyumbani mwako, na akupe macho ya kuangalia mara ya kwanza. Amina.