Edina Aliyeyasindikiza Maneno Yake

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne. Nina uhakika, kwa sababu katika kibanda changu cha kutengeneza cherehani hapa Mbalizi saa ya ukutani iko juu ya meza ya kazi, na kila mteja anapoingia naitazama kwanza ndipo niandike kwenye daftari. Aliingia mama mmoja amejitwika cherehani ya mkono, nyuma yake binti wa miaka sita hivi. Kibanda kilinuka mafuta ya mashine kama siku zote. Nilipofungua kibati cha chini ya sindano, yule mtoto aliinama kando yangu, akachungulia, akasema kwa sauti wazi:

"Mashine imekula kitambaa."

Kisha akainamisha uso na kunong'ona harakaharaka: "Mashine imekula kitambaa. Imekula kitambaa." Mara ya mwisho haikuwa na sauti kabisa. Ilikuwa midomo tu.

Bisibisi ilinitoka mkononi.

"Nyamaza wewe, umeshasema!" mama yake alimkemea, kisha akanitazama kwa aibu. "Usimjali, fundi. Ndivyo alivyo. Tunamkomesha, lakini wapi!"

"Msimkomeshe," nilisema, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, hata yule mama akarudi nyuma hatua moja. Sikuweza kumweleza pale. Nawaeleza ninyi.

Mnong'ono wa namna ile nilikuwa nimeusikia kwa mtu mmoja tu, mdogo wangu Edina. Tulikulia Kilolo, upande wa Iringa, katika nyumba ya matofali ya kuchoma iliyozungukwa na njegere. Asubuhi za Juni na Julai ukungu ulishuka mpaka tukawa tunawasikia ng'ombe wa jirani muda mrefu kabla ya kuwaona. Jikoni kulikuwa na moshi wa kuni za mikaratusi na harufu ya sweta zilizoloa zikikaukia karibu na moto. Hapo ndipo mimi na Edina tulipomenyea njegere, beseni moja katikati yetu. Alinishinda kwa kasi. Hakukosea kamwe kuona ganda lenye mdudu.

"Hii ina mdudu," alisema. Halafu chini kidogo: "Hii ina mdudu. Ina mdudu." Halafu midomo peke yake.

Alifanya hivyo kwa karibu kila alichosema, tangu alipojua kusema. Shuleni walimwita Kaseti. "Kaseti imenasa!" walipiga kelele wakati wa mapumziko. "Ipigeni kofi iendelee!" Mara mbili niligombana kwa ajili yake, na mara moja, naomba mlijue hili mapema, nilicheka pamoja nao.

Mama alikuwa na maelezo yake. "Edina huyasindikiza maneno yake," alisema. Kwetu mgeni hatoki peke yake. Unamtoa nje, unatembea naye mpaka kwenye kona au mpaka mtoni, mnaongea hayohayo mliyoyaongea ndani, sauti ikipungua, hadi mwenyewe aseme, "Basi, rudi sasa." Ukimwacha mlangoni, ni kama umemfukuza. Nilidhani Mama anatania tu.

Baba hakutania. Alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri, na kila mwaka kabla ya kipaimara watoto waliulizwa maswali mbele ya washarika wote. Kila mmoja alisimama, akasema mstari wake wa Biblia mara moja, kwa sauti, akaketi. Mwaka wake wa kwanza Edina alisema wake bila kosa hata moja, kisha akaanza kuusindikiza. Vijana waliokaa nyuma walicheka. Mwinjilisti alidhani anafanyia mzaha Neno la Mungu, akamwambia asubiri mwaka mwingine. Wenzake wote walibarikiwa, naye akabaki kwenye benchi na gauni jeupe alilokuwa ameshonewa.

Siku arobaini kabla ya maswali ya mwaka uliofuata, Baba aliniita nyuma ya ghala.

"Anayemsikiliza ni wewe," alisema. "Mtoe hiyo tabia. Akishindwa tena, watasema ana pepo, na wakishasema hivyo hakuna wa kuwanyamazisha. Kila siku atakayomaliza bila kurudia, nitakupa shilingi ishirini."

Baba hakuwa mkatili. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na sababu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, Edina kumi na mitatu. Nilimpenda, na nilipenda kazi yenye utaratibu. Nilichukua daftari la shule, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika namba za siku kuanzia moja hadi arobaini. Alama ya mkasi kwa siku ya kushindwa, alama ya vema kwa siku ya kufaulu.

Njia yangu ilikuwa rahisi. Alipomaliza sentensi tu, kabla ya mnong'ono kuanza, niliweka vidole viwili kwenye midomo yake. Sikubonyeza. Niliviweka tu, nikahesabu mpaka kumi, nikavitoa. Siku za kwanza alidhani ni mchezo, akacheka chini ya vidole vyangu. Siku tisa zote nilichora mkasi. Siku ya kumi nikachora vema ya kwanza. Baba akanipa sarafu yenye picha ya tembo, nikamwonyesha Edina kama mtu anayemwonyesha mwenzake ushindi wao wawili.

Siku ya kumi na tatu na ya kumi na sita alishindwa. Baada ya hapo hakushindwa tena. Nilikuwa fundi, au nilijiona hivyo. Ilinichukua muda kugundua kwamba sentensi zake zinapungua. Kwenye beseni alianza kulitenga ganda lenye mdudu bila kusema lolote. Alinyoosha kidole kuomba chumvi. Mama aliuliza, "Edina ana nini?" Nikamjibu kwa fahari, "Amepona."

Kuanzia siku ya ishirini na nne sikusikia neno hata moja kutoka kwake. Alikuwa amegundua, kwa akili yake iliyo timamu kuliko yangu, kwamba njia pekee ya kutorudia neno ni kutolisema. Daftari langu halikuwa na safu ya jambo hilo. Nilichora vema.

Jumapili ya maswali mvua ilinyesha, na mabati ya kanisa yalipiga kelele mpaka mwinjilisti akalazimika kupaza sauti. Watoto saba walisema mistari yao. Wa nane alikuwa Edina. Alisimama ndani ya gauni la mwaka uliopita, likimbana mabegani.

"Haya mwanangu, sema mstari wako."

Edina alifungua mdomo. Halafu, mbele ya kanisa lote, aliinua mkono wake wa kulia na kuweka vidole viwili kwenye midomo yake mwenyewe.

Hakuvitoa. Mwinjilisti alisubiri, akarudia ombi lake kwa upole, akasubiri tena. Nami, bila kutaka, nilijikuta nahesabu: moja, mbili, tatu. Nilifika kumi. Nilifika thelathini. Bibi mmoja upande wa wanawake alisema, "Amefungwa huyu," na neno hilo likapita kutoka benchi hadi benchi. Baba aliangalia sakafu. Katika kanisa lile lote mtu mmoja tu alijua vile ni vidole vya nani. Kisha nikaona Mama amegeuka, ananitazama, nikajua kwamba tuko wawili.

Sijawahi kushtuka vile, kabla wala baada. Nimezika wazazi, nimeona ajali kwenye mlima wa barabara kuu, lakini hakuna kilichofikia dakika ile.

Jioni Baba alinilipa siku zilizobaki. Makubaliano yalikuwa asirudie, na Edina hakurudia. Baba alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Nami nilipokea.

Edina alikaa kimya miezi saba. Alimenya njegere, alichota maji, alifua, yote sawasawa. Nilimwomba aseme chochote, hata mara mia. Nilijaribu kumwanzishia: "Hii ina mdudu. Hii ina mdudu. Ina mdudu." Aliniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu anayejaribu kuvaa kiatu cha mtoto.

Kisha asubuhi moja Mama alikuwa anatoka kwenda Iringa mjini. Alishafika barabarani tuliposikia sauti iliyokwaruza mlangoni: "Mama, chukua mwavuli."

Mama alisimama. Hakugeuka haraka, hakupiga kelele, hakumshukuru Mungu kwa sauti. Alisimama palepale huku gari likimpigia honi, akisubiri. "Mama, chukua mwavuli. Chukua mwavuli." Akasubiri na midomo pia, mpaka ilipotulia. Ndipo akarudi, akauchukua mwavuli, akasema, "Nimeupata, mwanangu."

Mwaka uliofuata Mama mwenyewe alikwenda kuongea na mchungaji. Sijui walisemezana nini. Najua kwamba Edina aliposimama kanisa lilisubiri mara zote nne, na hakuna aliyecheka.

Sikusoma zaidi ya darasa la saba. Mengine nimejifundisha kwa vitabu vya mitumba na, siku hizi, kwa simu. Huko ndiko nilikokutana na neno usonji, na nikasoma kwamba wapo wenye usonji wanaorudia maneno yao wenyewe, na kwamba kurudia huko si ukaidi wala si ugonjwa wa kukomeshwa. Nilisoma nimesimama, nikakaa. Halafu nikampigia Edina nimuulize yeye, kwa kuwa vitabu havimjui. Bado yuko Kilolo, analima njegere nyingi kuliko sisi tulivyowahi kulima.

"Neno likitoka mara moja linabaki mlangoni," alinijibu. "Linabaki mlangoni. Mlangoni."

Siku hizi tukiongea kwenye simu huwa sikati baada ya kwaheri. Nasubiri mnong'ono, kisha nasubiri ule usio na sauti.

Mama alipofariki tulifungua sanduku lake. Chini ya vitenge kulikuwa na daftari langu, mistari ya rula bado imenyooka. Hakuwahi kunitajia kwamba analo. Nilihesabu: mikasi kumi na moja, vema ishirini na tisa, na kati ya vema hizo kumi na saba ni za siku ambazo mdogo wangu hakusema kitu. Fedha yote niliinunulia bisibisi yenye mpini wa njano, kifaa changu cha kwanza cha kazi. Ndiyo ileile iliyonitoka mkononi Jumanne. Kwa kumnyamazisha Edina nililipwa shilingi mia tano na themanini.