Ubishi wa Ncha Nne za Shuka

Shangazi yangu alikuwa mkunjaji wa mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, na pia alikuwa mbishi wa daraja la kwanza. Kazi ya kwanza alilipwa, ya pili aliifanya kwa mapenzi. Angeweza kubishana na muuza vitunguu mpaka muuzaji akaanza kuvitilia shaka vitunguu vyake mwenyewe. Mimi, mtoto wa kaka yake, nilikuwa nakaa kwake na kufanya kazi kwenye jengo lilelile, upande wa stoo ya mashuka, kwa hiyo nilimfaidi nyumbani na kazini.

Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Mwenzake Shangazi aliitwa Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi iliyokaa juu ya mdomo wake. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, mwenye tabasamu la mtu anayejua jambo na hana haraka ya kulisema. Wawili hao walianza kukunja pamoja kabla mimi sijajua kufunga kamba za viatu, na miaka yote hiyo walikuwa na ubishi mmoja tu: kati ya bendi mbili za zamani za muziki wa roki, ipi kubwa?

Zilikuwa bendi za ng'ambo, za enzi za kaseti. Majina yake halisi yaliwatatiza ulimi wawili hao tangu usichana wao, wakayatupa na kuzipa ya kwao. Bendi ya Shangazi iliitwa Ngurumo. Ya Kidoti iliitwa Mabaharia. Ngurumo walikuwa na magitaa ya kukwaruza na mpiga ngoma aliyepiga kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. Mabaharia walipenda nyimbo ndefu zinazoanza kwa kunong'ona, na mwimbaji wao alikuwa na sauti ya kukufanya umkumbuke mtu ambaye hata hujawahi kumpoteza.

Sasa, chumba kile kilikuwa na kelele. Mashine za kufulia zilinguruma huku, za kukaushia zilizunguka kule, na ukitaka kusikika ulipaswa kusema karibu na sikio la mtu. Ndiyo maana ubishi wao ukachukua umbo la kazi yenyewe. Kila mmoja alishika ncha mbili za shuka, wakalivuta, wakalikung'uta, wakalikunja kwa urefu, kisha wakaendeana. Pale ncha zilipokutana, vichwa vyao vikiwa karibu, mmoja alirusha hoja. Halafu walirudi nyuma na kunyoosha tena. Mwenzake alikuwa na muda huo tu wa kufikiri, maana walipokutana mara ya pili alitakiwa kujibu. Shuka likishakunjwa pasipo jibu, umeshindwa.

"Hao Ngurumo wako wanavunja magitaa jukwaani," Kidoti aliwahi kusema ncha zilipokutana. "Mtu anayevunja chombo cha kazi ni fundi huyo? Wewe ukivunja pasi hapa, utaitwa gwiji?"

Wakarudi nyuma. Wakanyoosha. Wakaendeana.

"Nikiivunja nikiwa nimeshamaliza kuzipiga pasi nguo za mji mzima, ndiyo," akajibu Shangazi. "Hao wako, wimbo mmoja tu, mtu anaanika nguo, zinakauka, anazianua, wao bado hawajafika kwenye kiitikio."

Watu wa chumba kile walishazoea. Mimi sikuzoea. Mimi ni mdaku wa kuzaliwa, na jambo lile lilinikereketa. Jioni nilizisikiliza bendi zote mbili kwenye simu, nikitafuta hoja itakayomaliza kesi. Nikiwasikiliza Ngurumo nilikuwa Ngurumo, nikiwasikiliza Mabaharia nilihama chama bila haya. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba Shangazi hakuwahi kukosa jibu, hata mara moja. Nilijiuliza ni neno gani duniani lingeweza kumnyamazisha yule mwanamke, na kama lipo, nani analo.

Kisha ikaja habari ya mashine. Msimamizi wetu, kijana mwenye adabu ambaye kila mtu alimwita Mwalimu kwa jinsi alivyopenda kueleza mambo mara mbili, alitutangazia kwamba hospitali imenunua mashine ya kukunja. Mashine hiyo inataka mtu mmoja wa kuilisha. Kati ya Shangazi na Kidoti, mmoja angebaki nayo, mwingine angepanda juu kwenye chumba cha cherehani, kushona mashuka yaliyochanika.

"Mshahara ni uleule," alisema Mwalimu. "Uleule kabisa. Sitaki kuwachagulia, mama zangu. Kubalianeni wenyewe."

Hapa lazima niseme jambo ambalo Shangazi asingependa niliseme. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Kila jioni nilimkanda kwa dawa ya kuchua, na yalikuwa yamevimba na kupata joto kama mkate uliotoka jikoni. Daktari alishamwambia waziwazi: ukiendelea kusimama kutwa nzima, mama, itafika siku hutasimama kabisa. Chumba cha cherehani kilikuwa na viti. Mungu akupe nini tena?

Lakini kule juu watu walipaita Kwa Wazee. Aliyepanda huko alionekana amechoka, ameonewa huruma, na Shangazi na huruma walikuwa chui na mbuzi. Nilipomsihi aombe kupanda, alinikata kauli.

"Nimwombe nani? Kiti? Mimi siombi kiti."

"Mficha maradhi, kilio humuumbua, Shangazi."

"Basi kiniumbue nikiwa nimesimama. Kanda hapo, acha mdomo."

Nilimkasirikia sana jioni ile. Nilimkanda kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, naye hakulalamika, na hilo likaniuma zaidi. Kesho yake nikamfuata Kidoti nyuma ya kamba za nguo, nikamweleza yote.

"Unadhani sijui?" alisema. "Mimi ndiye namwona akija na kurudi. Siku hizi natembea hatua zangu na nusu ya zake, ili asifike mbali. Anafikiri sijui kupima."

"Basi mwambie apande, bibi. Wewe atakusikiliza."

"Nikimwambia, atabaki hapa mpaka afe, ili kunikomoa." Akatabasamu lile tabasamu lake. "Mbishi humwambii, mwanangu. Mbishi unamshinda."

Mchana uleule, ncha zilipokutana, Kidoti alimwambia Shangazi mbele yangu: "Tusipigane kwa ajili ya mashine. Atakayeshindwa ubishi wa bendi, apande juu."

Shangazi alicheka mpaka shuka likatikisika. "Kafungashe vitu vyako!"

Hivyo ndivyo ulivyoanza mchezo wa ajabu kuliko yote niliyowahi kuona. Shangazi akishinda, ameangamia. Akishindwa, amepona. Naye alishindana kwa nguvu zake zote, kwani hakujua namna nyingine ya kuishi. Kidoti alimletea hoja zake nzuri kabisa. Alisema Mabaharia wanaimbwa na watu wasiojua hata lugha yao. Shangazi akajibu kwamba hata mtoto mchanga analia bila kujua lugha, na hapewi tuzo. Kidoti akasema mpiga ngoma wa Ngurumo alikimbia kundi, bendi ikafa. Shangazi akajibu kwamba nyumba inayoanguka ukitoa nguzo moja inaonyesha ukubwa wa nguzo. Alisema hili, akasema lile. Shangazi alikuwa anajibu kabla hata ncha hazijakutana, huku akichechemea, na akigeuka nyuma kurudi niliona anavyouma meno.

Nikaanza kumwona Kidoti anakonda. Mafundi walishaifunga mashine kando ya ukuta, wakaifunika kwa turubai. Asubuhi moja Mwalimu akaja, akatuambia, mara mbili, kwamba itawashwa siku hiyohiyo baada ya chakula cha mchana na anataka jina la atakayepanda juu.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimesogeza kitoroli changu karibu kabisa nao, kisingizio kikiwa kuhesabu foronya. Shangazi alikuwa mwekundu wa macho, hakuwa amelala kwa maumivu. Walilishika shuka, wakalivuta, wakalikung'uta. Wakaendeana. Kidoti hakusema kitu. Shangazi akamtazama kwa furaha ya mtu aliyekwisha kushinda. Wakarudi nyuma. Wakachukua shuka jingine, na safari hii walipokutana Kidoti hakuachia ncha zake.

"Mumeo alipofariki," alisema, "ulikaa msiba, ukarudi kazini. Ulikuwa huongei. Watu walikusalimu, huitikii. Hukubishana nami hata neno."

Shangazi akakunja uso. "Hiyo siyo hoja ya bendi."

"Nasema. Ulikuwa huongei, lakini ukinifikia hapa, karibu hivi, nilikusikia unaimba kwa pua. Kila siku wimbo uleule, mpaka siku ile ulipolia ukapata nafuu." Akamtazama. "Ulikuwa wimbo wa nani?"

Wakarudi nyuma kwa mazoea tu, miguu ikijua njia. Nilimwangalia Shangazi usoni. Nilimwona akilitafuta jibu kule alikozoea kulikuta, kisha nikaona kwamba amekuta kitu kingine. Hakuziendea ncha za Kidoti. Alisimama pale, mikono ikashuka, na upande wake wa shuka ukagusa sakafu. Shuka likigusa sakafu hurudi kufuliwa, na Shangazi hakuwahi kuangusha shuka.

Ni Kidoti aliyetembea mpaka kwake.

"Ulijua siku zote hizo?" Shangazi aliuliza.

"Nilikuwa nimeshika ncha za pili. Ningeacha vipi kujua?"

"Nimekutukania hao Mabaharia wako miaka mingapi! Ungenimaliza kwa neno moja. Kwa nini hukulitumia?"

"Ule haukuwa ubishi," Kidoti alisema. "Ule ulikuwa msiba wako."

Mashine ziliendelea kunguruma. Shangazi akageuka, akakivuta kikapu cha nguo chafu, akaketi juu yake, mbele ya watu wote, akaweka mikono miwili juu ya magoti na kuyakanda polepole. Nilipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Nimeshindwa," aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kamwambie Mwalimu aandike jina langu."

Niliondoka mbio kabla hajabadili mawazo. Mlangoni nikageuka, udaku haunitoki, nione mshindi anafurahi vipi. Kidoti alikuwa amebaki na shuka lile, anajaribu kulikunja peke yake, ncha mbili mikononi na mbili zikimponyoka, na alikuwa analia.