Pikipiki ya Kiitaliano Yapewa Stegi

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja hapa Mbale, nyuma ya bwana aliyekuja kuandikisha pikipiki yake ya Kiitaliano. Injini yake inashinda ya gari langu, na kiti cha nyuma ni kidogo kama sahani. Aliniambia ameendesha pikipiki miaka ishirini, na kwenye hii hampakii hata mke wake.

Karani hakuinua kichwa. "Stegi gani? Kituo chako cha boda ni kipi?"

"Bwana, mimi si wa boda. Hii ni ya mbio."

"Pikipiki ni pikipiki. Bila stegi fomu haiendi."

Nani alitunga fomu isiyojua kwamba mtu anaweza kupanda pikipiki kwa raha zake? Saa nzima walibishana, mpaka nikapaza sauti: "Mwandikie stegi ya Namakwekwe, tumechoka!" Karani akaandika.

Alhamisi nilikutana na msafara wa mazishi wa boda wa Namakwekwe ukielekea Busiu. Mwenyekiti wao alikuwa amepata orodha ya walioandikishwa, akamfuata mwanachama mpya nyumbani: stegi ikifiwa, kila pikipiki inabeba waombolezaji. Ile ya Kiitaliano ilikuwa katikati, inakohoa kwa mwendo wa miguu, na mama mnene nyuma amepakata sufuria.

Nilimpungia mkono yule bwana. Alinionyesha ngumi.