Mafuta Mekundu

Baba aliendesha malori ya watu kwa miaka mingi, na alipostaafu akanunua gari lake la kwanza. Lilikuwa dogo, la kijivu, limeinuka kidogo kama yale ya kwenda porini, ingawa nguvu za porini halikuwa nazo. Lilikuwa limetumika Japani, kisha likatumiwa na mwalimu mmoja mjini Nakuru. Baba hakulinunua ili aonekane. Mgongo wa Mama ulikuwa umeharibika, hakuweza kukaa kwenye kiti cha matatu hata dakika kumi. Kiti cha mbele cha gari hili kililala nyuma. Tukaweka mto, na Mama akaweza kutoka Subukia hadi kliniki bila kulia.

Siku tuliyokwenda kulichukua, Baba alikuwa nyuma akikagua gurudumu la akiba. Yule mwalimu, mama mnene mwenye sauti ya chini, akanivuta kando.

"Giaboksi ya hili gari si kama ya lori," akasema. "Ndani kuna mkanda wa chuma. Inataka mafuta yake tu, yale ya kijani. Ukiiwekea yale mekundu ya kawaida, umeiua. Umwambie baba yako, sawa? Mimi wanaume hunisikiliza nikitaja bei tu."

Nikaitikia kwa kichwa.

Tuliporudi Baba alikuwa akiimba njia nzima, sikutaka kumkatiza. Nikajiambia nitamwambia jioni. Jioni watu wa kanisa wakaja kuliombea gari, wakalizunguka na kuliwekea mikono, wakanywa chai. Kesho yake niliona haya kwa kuwa nilikuwa nimechelewa. Baada ya wiki mbili ningeanzaje?

Gari lililotumika huanza kudai kidogo kidogo. Kwanza liligonga mbele kila tulipopita kwenye mashimo, na vile vyuma vidogo ambavyo mafundi huviita linki vikatugharimu elfu tatu, kulia na kushoto. Kisha mpira unaoshikilia injini ukakatika, gari likawa linatetemeka likisimama. Baba alilipa bila kulalamika. Alisema lori moja lilimla pesa zaidi ya hizo kwa wiki, na halikuwa hata lake.

Katika miezi ya baridi tulipigiwa simu kutoka Mau Narok. Nyanya, mama yake Mama, alikuwa mgonjwa na alikuwa akimwita. Mama hakuwa amemwona kwa miaka miwili.

"Nataka nimshike mkono tu," Mama alisema. "Hata tukikaa saa moja."

Baba akasema tungekwenda Jumamosi, lakini kwanza fundi aiangalie giaboksi, kwa sababu ilikuwa imeanza kuvuma kwenye milima. Ijumaa mimi na yeye tukaenda Nakuru, kwa fundi wa kando ya barabara ambaye Baba alimfahamu tangu enzi za malori.

"Hapa ni mafuta tu, mzee," fundi alisema akiwa chini ya gari. "Nikibadilisha, utapanda Mau ukipiga mluzi."

Akamwaga ya zamani, akaleta dumu jipya. Alipoanza kumimina nikaona mafuta yanaingia, mekundu kama sharubati.

"Baba," nikasema.

Wote wawili wakageuka. Fundi akacheka. "Niaje, siste? Ama unataka kunifunza kazi?"

"Nini?" Baba akauliza. Hakuwa amekasirika. Alikuwa akingoja tu.

"Hakuna."

"Ni kiu hiyo, tumesimama sana," akasema, akaninunulia soda. Nikainywa nikiwa nimesimama pale, mpaka dumu likaisha.

Jumamosi tuliondoka mapema. Mama alikuwa amevaa kitambaa kipya cha kichwa. Hadi Njoro gari lilikwenda vizuri, nikaanza kuamini kwamba mwalimu alikosea. Mlima ulipoanza, injini ikalia sana na gari halikuongeza mwendo. Baba akakanyaga. Likalia zaidi, likapunguza, likasimama. Kukawa na harufu ya kitu kilichoungua.

Fundi wa pili aliletwa kwa pikipiki kutoka Njoro. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakinusa.

"Nani aliweka haya mekundu?"

"Ni mimi niliyesimama pale fundi akiweka," Baba akasema.

"Mzee, giaboksi imekwisha. Utafute nyingine, ya kutoka Japani. Elfu themanini, na kazi yangu kando."

Baba alitazama barabara kule juu. Mama alikuwa ameshika kifurushi cha sukari na majani ya chai, alichotaka kumpelekea mama yake.

Nyanya alifariki Jumatano iliyofuata, gari likiwa bado Njoro, lilikovutwa, na pesa za kukodi jingine hatukuwa nazo. Mama alikwenda mazishini amelazwa juu ya godoro, nyuma ya pikapu tuliyokodi kwa michango ya mazishi. Mkono alioushika ulikuwa wa baridi.

Nilimwambia Mama nilipokuwa nikimkanda mgongo, kwa sababu hapo hakuona uso wangu. Nilimweleza yote, tangu siku ya mwalimu.

"Ungesema, tungefika?" akauliza.

"Tungefika."

Alivuta pumzi. "Umwambie babako," akasema. "Mimi siwezi kukusemea."

Huu ni mwezi wa nne tangu mazishi. Gari liliuzwa vipande vipande, na Baba ameanza tena kuendesha lori la mtu mwingine, kubeba viazi. Jumapili wageni wakija huwaambia kwamba ni yeye, dereva mzima wa miaka yote hiyo, aliyeliua gari na kumnyima mkewe kuagana na mama yake. Wao humwambia asijilaumu. Mama hunitazama, nami naendelea kumimina chai.