Viatu vya Afisa

Mimi ndiye niliyemwambia mama ang'oe nduma. Nasema mapema ili mtu asije akatafuta mwingine wa kulaumu.

Shamba letu liko kando ya mto, nje kidogo ya Thika, na ile sehemu ya chini kabisa, penye matope mwaka mzima, ilikuwa ya nduma tangu sijazaliwa. Baba alipofariki, mama alituambia sisi watoto jambo moja tu: hatatuomba kitu. Na kweli hakuomba. Alibeba gunia lake la nduma hadi sokoni, akarudi na sukari, akatoa mchango wa kanisa.

Kisha chifu akaitisha baraza. Serikali ingewalipa wakulima watakaoacha kulima ukingo wa mto na kupanda miti ya kienyeji. Kila msimu, moja kwa moja kwa simu. Mama alikunja uso. Sikumpa nafasi. Nilimwambia mgongo wake umechoka, hizi ni pesa za kukaa tu, kwani anataka kufia kwenye matope? Nilijiona mjanja sana, mimi wa nyumba ya kupanga Kiganjo na kazi ya kukalia kiti. Tuling'oa kwa siku tatu. Nduma zote mama aliwagawia majirani, pamoja na mbegu, kwa sababu hakutaka kitu kioze.

Miti tuliyopanda hapo ilishika vizuri. Afisa wa mradi alipokuja kuikagua, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi, viatu vyeusi vinang'aa. Mama alimpa chai na mkate. Alipoinuka kwenda mtoni, mama akamwangalia miguu.

"Huko kwetu utazama," akamwambia. "Vuka daraja, usimame ng'ambo kwa ile ploti iko na changarawe. Miti utaiona yote."

"Asante sana, mama," afisa akasema, na ilionekana imemtoka moyoni.

Nilimvusha mimi mwenyewe. Alisimama pakavu, akaielekeza simu kwenye miti yetu, akapiga picha, akabonyeza hapa na pale. Ile simu iliandika mahali iliposimama. Hilo tulikuja kulijua baadaye.

Msimu ukapita, na wa pili ukapita, simu ya mama kimya. Nikaanza kwenda ofisini. Yule afisa alikuwa ameshahamishwa. Aliyeshika nafasi yake alifungua kompyuta akanionyesha ramani: miti yetu yote iko ng'ambo, kwa ploti ya mtu anayeishi Ruiru, mtu ambaye hajapanda hapo hata shina la sukuma wiki. Nikamwambia twende ukaone kwa macho yako. Akasema miti ileile haiwezi kuandikwa mara mbili, na kujiandikisha kulishafungwa.

"Basi tutaikata turudishe nduma zetu," nikasema.

"Madam, hiyo miti iko kwa sistimu," akajibu polepole. "Mkikata, mtashtakiwa."

Nilimkuta mama jikoni akimenya viazi. Nikamweleza yote, pamoja na ramani. Alimaliza kiazi alichoshika, akakitia majini.

"Sasa ningemwacha achafuke?" akaniuliza.

Hakuwa anajitetea. Alitaka kujua.

Siku hizi, kila Jumamosi, namnunulia nduma sokoni. Mara ya kwanza alizikataa, akasema bado ana viazi. Mara ya pili alizichukua. Jumamosi iliyopita nilichelewa kutoka kazini. Nilipofika, nilimkuta amekaa mlangoni, na sufuria ya maji iko motoni tayari.

"Nilidhani leo hutakuja," akasema, akanyoosha mkono kupokea mfuko.