Barua Iliyokaa Chini ya Kasha

Nakumbuka siku ile tulipokuwa tukipaka chokaa nyumba yetu ya mtaa wa Kuze kabla ya Ramadhani. Shangazi yangu Mwanaisha alilisogeza kasha langu la nguo, akaokota chini yake karatasi iliyokunjwa mara nne. "Ewe msomi," akaniambia akicheka, "hii nayo ni hirizi?"

Haikuwa hirizi, mjukuu wangu Rukia. Ilikuwa barua ya chuo kimoja cha ufundi huku Pwani kilichotaka kunisomesha bure, malazi na chakula juu yao. Mamangu sikumwonyesha. Nilimwonyesha moja tu, ya chuo cha fahari cha Nairobi, kile ambacho ukikitaja barazani watu hukusogezea nafasi. Akavua bangili zake za harusi, akaziuza, nikaenda. Bangili zikatosha mwaka mmoja. Nikarudi bila cheti.

Shangazi aliisoma barua mpaka mwisho, kicheko kikamkatika. "Bangili alikupa kwa moyo wake," akasema polepole. "Hukumdhulumu dhahabu, baba. Ulimdhulumu shauri."

Mama alikuwa mlangoni na ndoo ya chokaa. Aliyasikia yote. Alirudi akaendelea kupaka ukuta.

Nami nisikidhulumu chuo kile cha Nairobi: walimu wake walikuwa hodari, na kama naweza kuandika mistari hii ni kwa mwaka ule. Wala sijui mama angechagua nini. Pengine angesema nenda Nairobi, na bangili chukua. Sijui, na hadi leo hilo ndilo linaloniuma.

Jana ulinijia na barua zako mbili, ukaniomba ile ya ufadhili kamili nisimtajie mamako mpaka aikubali ile ya chuo kikubwa cha kulipia. Mjukuu wangu, mimi si mtu wa kukupimia vyuo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini hata methali hiyo naiogopa hapa, maana misala yote miwili kwako ni mipya. Ukiniuliza moyo wangu, naegemea ufadhili: utasoma hadi mwisho bila mtu kuuza kitu. Huenda nakosea. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ila kwa hili sina shaka. Leo alasiri, mamako akirudi kutoka dukani kwake Makadara, mwache anywe chai kwanza, kisha ziweke barua zote mbili mbele yake. Mwambie pia kwamba jina la chuo kikubwa unalitamani. Kutamani elimu si dhambi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtakaloamua pamoja, hata likiwa zito, halitakulemea peke yako, na mimi nitalisimamia hata kama silo nililolitaka.

Mola akufungulie mlango wenye kheri nawe, akurudishe Kuze na cheti mkononi, umkute mamako na bangili zake mkononi. Amina.